Nguo Kumi na Tatu Ukutani

Mwaka 2014, wakati wa kiangazi, nilishiriki maonyesho ya sanaa. Nimeiandika sentensi hiyo nikaiangalia mara mbili, kwa sababu mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba, na sanaa niliyoijua ilikuwa ile ya kudarizi maua kwenye vitambaa vya makochi, ambayo hata hiyo alikuwa anaifanya mke wangu. Lakini nilishiriki kweli. Karatasi ya maonyesho ninayo hadi leo, jina langu ni la nne.

Nilikuwa nashonea Kibondo, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitokea pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi Waha tuongee mbele yake kwa uangalifu, kama mtu anayevuka matope na viatu vya kuazima. Hakunidai kodi ya kibaraza. Malipo yangu yalikuwa kusikiliza maoni yake juu ya kazi yangu, na hayo aliyatoa kila siku bila kukosa.

Yule dada tuliyemwita mratibu alikuja kutoka Dar na mradi wa shirika fulani. Sitalitaja, na kwa haki yake halikutukosea kitu. Alitafuta watu saba wanaofanya kazi za mikono, tuandae maonyesho ya pamoja kuhusu msongo na wasiwasi wa maisha ya kila siku, yafanyike kwanza Kibondo, halafu Kasulu. Tulikuwa mama mmoja mfinyanzi, mwalimu mstaafu anayechora, kijana wa bodaboda anayeunganisha vyuma, wengine watatu, na mimi. Sijui alinichaguaje. Nadhani alipita kibarazani akaona uso wangu.

Siku ya kwanza alitukalisha kwa duara ukumbini, akasema, "Kabla hatujaanza, kila mmoja aseme leo anajisikiaje. Ukweli kabisa, tusifichane."

Mama mfinyanzi akapiga makofi ya taratibu ya salamu ya Kiha, akasema, "Amahoro," yaani amani. Mwalimu akasema anamshukuru Mungu. Kijana wa bodaboda akasema yuko poa. Mimi nikasema nzuri. Duara likaisha. Mratibu akaangalia ratiba yake, na kwa kuwa nilikaa jirani yake niliona kwamba zoezi lile lilikuwa limetengewa saa moja na nusu.

"Kwa hiyo hakuna mtu mwenye wasiwasi?" akauliza.

"Hakuna, dada," mwalimu akajibu kwa niaba yetu. "Labda huko mlikotoka."

Ilipoletwa chai, ndipo mama mfinyanzi akaanza kusimulia jinsi vyungu vyake vyote vilivyopasuka motoni mwezi ule, na mwalimu akasema ana miezi hapati usingizi. Mratibu akaacha kikombe, akawa anaandika mbio mbio. Hakujua kwamba kwetu salamu ni salamu. Mtu akikuuliza hali usimjibu kwa shida, utakuwa umemtwika mzigo hata hajakaa. Shida zina nafasi yake, nayo huja baada ya kitu cha kunywa. Nilitaka kumwambia, nikaona huenda anajua na ni mimi nisiyeelewa utaratibu.

Tukapewa wiki mbili kila mmoja atengeneze kitu kinachoonyesha wasiwasi wake. Mama mfinyanzi alifinyanga chungu kisicho na mdomo. Kijana wa bodaboda aliunganisha cheni na plagi zilizokufa, akapata kitu kama mbwa. Mimi nilikaa siku nane bila wazo.

Wasiwasi wangu niliujua vizuri, ila sikuona unavyoweza kuangikwa. Ni ule wa kuona mteja anakata kona ya soko anakuja kibarazani, na nguo yake bado ni vipande. Fundi yeyote anaujua. Unaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu hata kama hakuna uzi.

Mratibu alipokuja kunitembelea akaona rundo nyuma ya kiti changu: nguo za watu, zimekatwa, nyingine zimeshikizwa uzi mweupe tu, shati lina mkono mmoja, sketi haina kiuno.

"Fundi, kazi yako ndiyo hii hapa."

"Hizi ni za watu, dada."

"Ndiyo maana. Wenyewe watakubali?"

Nikasema watakubali. Namwandikia haki yake hapa: aliuliza, na jibu lilikuwa langu. Hesabu niliyopiga kichwani naionea aibu. Niliona nguo zikiwa ukumbini, mteja akija kibarazani nitamwambia hazipo hapa, na kwa mara ya kwanza nitakuwa nasema kweli. Nikatia sahihi fomu ya kurasa tatu. Nilisoma ukurasa wa kwanza.

Tukaziangika kumi na tatu kwenye ukuta wa kulia, kila moja kwenye henga yake. Mratibu akasema majina ya wateja yasiandikwe, ni siri yao, lakini kila nguo iwe na karatasi ndogo yenye tarehe niliyoahidi. Hapo nilijiona wa maana, maana mimi huandika kila kitu kwenye daftari langu. Nikanakili kwa uaminifu. Ahadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shati moja lilikuwa na ahadi sita, ikabidi niongeze karatasi.

Namba saba ilikuwa gauni jeupe na namba nane koti la kijivu. Niliziweka jirani kwa sababu zilitoka nyumba moja.

Gauni lilikuwa la mama mmoja wa nje kidogo ya mji. Alikuwa ameishi na mumewe miaka ishirini na miwili, watoto sita, mjukuu mmoja, bila kubariki ndoa kanisani. Siku zilipangwa mara mbili. Mara ya kwanza mume alipata homa iliyopona kesho yake. Mara ya pili alikwenda Kasulu kutafuta ng'ombe aliyepotea, na ng'ombe mwenyewe walimkuta nyuma ya nyumba. Sasa mchungaji alikuwa ameweka siku ya tatu, Jumamosi ya wiki ya maonyesho, na alisema hataweka ya nne. Haya mama alinieleza nilipokuwa nampima, ameinua mikono. Watu huniambia mambo mikono ikiwa juu.

Koti lilikuwa la mume. Naye nilimpima siku ile ile. Mkewe alipoingia dukani kuchagua vifungo, mume aliinamisha kichwa akaninong'oneza, "Fundi, hili koti usiliharakishe."

"Mpaka lini, mzee?"

"Wewe usiliharakishe tu."

Katika nguo zote kumi na tatu, hilo ndilo pekee nililokuwa nalishughulikia sawasawa na maagizo ya mteja. Na nilipofika kwenye karatasi yake nikakwama. Hakukuwa na ahadi niliyoivunja. Kuandika tarehe kungekuwa kujisingizia, na kuacha wazi kungekuwa kuwadanganya watazamaji. Nikafikiri muda mrefu nitende haki kwa nani, mwisho nikaandika: "Mteja amesema lisiharakishwe." Nikaona nimemtendea haki kila mtu.

Maonyesho yalifunguliwa Jumanne kwa hotuba mbili. Mratibu alikuwa na hofu watu hawatakuja. Walikuja, kwa sababu habari ilikuwa imefika sokoni kwamba fundi mmoja ameanika ukutani nguo za watu pamoja na uongo wake. Chungu kisicho na mdomo walikipita. Mbwa wa cheni walimgonga kichwani wasikie mlio. Kisha wakaja ukuta wa kulia wakasimama.

Kibondo vitambaa vinatoka kwenye maduka machache, na kila mtu anajua nani alinunua nini. Nilichokisahau ni hicho. Majina tuliyaficha, vitenge vikayasema.

"Hii si ya mama wa mashine ya kusaga?"

"Ndiyo yenyewe. Fundi alimwambia imeibiwa."

"Ahadi sita, jamani. Hata mbunge hajafika hapo."

Mratibu alinisogelea, macho yanang'aa. "Fundi, unaona wanavyoguswa?"

Niliona. Wawili kati yao walitaka na wao kunigusa.

Mzee mwenye duka alikuja baada ya sala ya adhuhuri, mikono nyuma, akasoma karatasi zote kumi na tatu bila kuruka. "Fundi," akasema, "mafundi wenzako huficha aibu zao. Wewe umezipiga pasi ukaziangika."

Nikamwambia ni sanaa ya kisasa.

"Naona. Nami siku nyingine nitawaonyesha watu vitambaa nisivyowauzia."

Jumatano asubuhi alikuja mama wa gauni. Alikuwa amepitia kibarazani kwanza, na mzee wa duka akamwambia, "Gauni lako liko ukumbini, mama. Linatazamwa." Akanikuta nimesimama karibu na mlango. Tukasalimiana kama inavyotakiwa, mwakeye ya asubuhi, makofi, nyumbani hawajambo, watoto, mjukuu, maharage yamekauka au bado. Tulipomaliza akageuka ukutani.

"Lile ni gauni langu."

"Ndiyo, mama."

"Jumamosi nafunga ndoa."

"Najua, mama."

"Mbona limetundikwa?"

"Ni wasiwasi wangu, mama. Tumeambiwa tuulete."

Akafikiri. "Gauni langu, wasiwasi wako. Sasa mimi nitavaa nini, wasiwasi?"

Akasogea karibu, akaanza kusoma karatasi ya nguo yake, kidole kikifuata mstari. Ahadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akahamia kwenye koti. Nilitamani mtu aniite wakati ule, mtu yeyote, hata wa ahadi sita. Alisoma polepole, kwa sauti, "Mteja amesema lisiharakishwe." Akasoma tena, kimya.

"Fundi. Mteja ni nani?"

Nikasema majina hatuyataji, ni siri ya maonyesho.

"Kitambaa hiki nilikinunua mimi."

Nyuma yetu mtu alicheka, na mwingine akamwambia anyamaze. Mama akasimama muda, mkono mmoja ameushika mwingine. Hakulia wala hakunisema. Ningependelea aniseme.

"Malizia gauni," akasema.

"Na koti?"

"Koti si langu." Akatoka. Mlangoni akasimama, akaongeza bila kugeuka, "Akipata sababu, hata ya kifungo, yule tayari yuko Kasulu."

Nilirudi nyumbani sikula. Nilijiuliza kama haki niliyoitafuta ilikuwa haki au ujinga wa kuandika kila kitu. Mke wangu akaniambia si lazima nichague, inaweza kuwa vyote viwili.

Alhamisi nikabeba cherehani mpaka ukumbini, kwa sababu mratibu alisema nguo haziruhusiwi kutoka. Nikakaa chini ya henga zangu, nikaanza kushona gauni. Mratibu alifurahi kuliko siku zote, akapiga picha, akasema sasa kazi imekuwa hai. Watu walijaa. Kwa miaka kumi nilikuwa nashona kibarazani bila mtu kunitazama, sasa nilikuwa na hadhira, nayo ilikuwa na maoni.

"Kumbe akitaka anaweza."

"Anashona hivyo kwa sababu kuna kamera."

"Fundi, ukimaliza hilo, hapo juu namba tatu ni yangu."

Kama saa tisa alasiri mwenye koti akaingia. Watu walimjua, na wakamfungulia njia kwa adabu ya kupita kiasi. "Karibu, bwana harusi," mmoja akasema, "usiharakishe." Ukumbi mzima ukacheka. Mzee alikwenda mpaka kwenye koti, akasoma karatasi yake, akaja akakaa kwenye benchi langu.

"Fundi, umeniweka ukutani."

"Nisamehe, mzee. Nilitaka niandike kweli."

"Ungeandika uongo, kama kwenye zile nyingine."

Alikuwa na haki. Nilimwambia mkewe ameshasoma, akasema anajua, jana nyumbani kulikuwa na ukimya mpaka kuku waliona. Nikajikaza nikamuuliza kwa nini hataki. Alisema anataka. Anamtaka mkewe, hajawahi kutaka mwingine. Ila alipofikiria kusimama mbele ya kanisa, mtu mzima mwenye mjukuu, amevaa koti la bwana harusi na ua kifuani, watu wote wanamkodolea macho na kucheka, miguu ilikuwa inamwishia. Mara mbili alijiambia ataweza, mara mbili asubuhi ilipofika miguu ikakataa. Ile homa ilikuwa ya kweli, akasema. Ng'ombe hakuwa wa kweli.

Alipokuwa anayasema haya, watu kama thelathini walikuwa wamesimama mbele yetu, wanalikodolea macho koti lake na kucheka.

Mzee akawatazama. "Wanacheka nini?"

"Karatasi."

"Si koti?"

"Koti sijasikia mtu akilisema vibaya."

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu akadakia, "Koti zuri, baba. Likipata mikono."

Akalitazama koti lake pale ukutani. Sikumsukuma, maana sikuwa mtu wa kumshauri yeyote siku ile. Mwisho akavuta pumzi kama anayeinua gunia.

"Wameshanitazama siku tatu hizi," akasema. "Sijui kimebaki nini cha kutazama. Weka mikono."

Ijumaa mchana lori la kwenda Kasulu likaja. Gauni nilikuwa nimelimaliza, koti nilikuwa nimeweka mkono wa kulia, wa kushoto nimeushikiza kwa pini. Hapo ndipo mratibu alipotoa fomu akanionyesha ukurasa wa tatu: kazi zote hubaki chini ya mradi mpaka maonyesho ya Kasulu yafungwe. Sahihi yangu ilikuwa chini pale, imekaa vizuri.

"Fundi, siwezi kufika na ukuta una mapengo," akasema. "Wafadhili wanakuja kesho. Kila kitu kimeshaandikwa, nguo kumi na tatu." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye bosi, na nilimwonea huruma. Yeye naye alikuwa na mtu anayekata kona kumjia. Lakini mama wa gauni alikuwa tayari amefika kujaribu, na kujaribu nguo ni haki ya mteja hata kwenye fomu za Dar. Aliingia nyuma ya pazia lililokuwa nyuma ya chungu cha mama mfinyanzi, akatoka amelivaa, akakaa kwenye benchi katikati ya ukumbi, viganja magotini.

"Limenikaa," akasema. "Sasa nipakieni."

"Mama, ni siku tatu tu," mratibu akamwambia kwa upole. "Jumatatu unalo mkononi."

"Nimengoja miaka ishirini na miwili, mwanangu. Hizo siku tatu sina."

Dereva wa lori alikuwa mlangoni, akasema yeye amepewa oda ya vyungu na nguo, watu wazima hawamo. Mume naye akawa amefika. Alimwona mkewe katika gauni jeupe, akasimama kama aliyesahau alichofuata. Kisha akaja ukutani, akashusha koti mwenyewe, akalivaa na pini zake zote, akakaa pembeni ya mkewe. Hawakutazamana. Mama akanyoosha mkono akamweka sawa kola, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mratibu aliwaangalia. Akatoka nje na simu, akakaa huko dakika kadhaa. Sijui alizungumza na nani. Aliporudi akasema, "Haya. Nguo chukueni. Henga na karatasi ni zangu." Akafungasha henga mbili tupu pamoja na zile kumi na moja zenye nguo. Baadaye alinisimulia kwa simu kwamba huko Kasulu watu walisimama zaidi mbele ya henga tupu, na kwamba wengi waliamini wenye nguo zake wamefariki. Mgeni mmoja alitokwa na machozi. Wafadhili walizipenda kuliko zote, na sina uhakika kama hilo ni sifa kwangu.

Wale wa nguo kumi na moja walinisema kwa wiki mbili nzima, na walikuwa na haki.

Jumamosi niliacha kwenda Kasulu nikaenda kanisani. Kanisa lilijaa kuliko kawaida, nusu yao nadhani walikuja kuona kama koti litatokea. Lilitokea, saa tatu kamili, kabla hata ya mchungaji. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeushona alfajiri ile kwenye kibaraza cha nyumba yao, yeye akiwa ndani ya koti, kwa sababu alikataa kulivua. Alisema akilivua hajui kama atalivaa tena.

Walipoambiwa wasimame mbele, watu walitazama kweli. Mzee alitetemeka mpaka ua likayumba. Mtu wa nyuma akaanza kucheka, na mama, bila kugeuka, akaushika ule mkono wa kushoto juu ya kiwiko, akaubana, akaushikilia hivyo mpaka mwisho. Alipoulizwa kama anakubali, mzee alijibu kabla mchungaji hajamaliza swali.

Nje tulipewa soda na wali. Nilikaa upande wa bwana harusi, kwa sababu upande wa bibi harusi walikuwa bado hawanisemeshi.